Dawa za Homoni na Daktari wa Pili: Nini Kisemwe, Nini Kibaki Siri

Kila mwaka, siku chache kabla ya Krismasi, mabasi yatokayo Dar es Salaam huingia Moshi yakiwa yamejaa watu wanaorudi nyumbani. Safari hiyo ya zaidi ya kilomita 500 humaliza mchana mzima, na wengi huifanya wakiwa wamekaa kitako, magoti yamebanwa na mizigo. Mfano ufuatao ni wa kubuni, lakini mtumishi yeyote wa afya aliyewahi kufanya kazi Kilimanjaro mwezi wa Desemba atautambua.

Mama wa miaka 52 anashuka stendi ya Moshi jioni, anapanda gari la Kibosho na kufikia nyumbani kwa mama mkwe wake. Siku ya tatu shavu la mguu wa kushoto limevimba, lina joto na linauma. Anasindikizwa hadi zahanati. Tabibu anamwuliza, "Mama, kuna dawa yoyote unayotumia?" Mama mkwe amesimama kando ya kitanda. "Hapana, daktari," anajibu. Ndani ya mkoba wake mna pakiti ya vidonge vya estrojeni na projestojeni, alivyoandikiwa Dar es Salaam miezi minne iliyopita kwa ajili ya joto la ghafla na ukosefu wa usingizi unaoambatana na ukomo wa hedhi. Anatibiwa kama mtu mwenye maambukizi ya ngozi, anapewa antibiotiki na kurudishwa nyumbani. Usiku wa pili anaamka akihema, kifua kinamchoma. Bonge la damu lililokuwa mguuni limefika kwenye pafu.

Mama huyu hakusema uongo kwa nia mbaya. Kwa mawazo yake, dawa ni kitu cha mgonjwa, naye hakuwa mgonjwa. Tena mambo ya hedhi hayazungumzwi mbele ya mkwe. Tabibu naye hakukosea kuuliza. Alichokosa ni namna ya kuuliza na mahali pa kuulizia. Makala haya yanaeleza ni lini ukimya juu ya dawa za homoni unaweza kumgharimu mtu uhai, ni lini si lazima mtu aseme, na ni kwa jinsi gani jambo la siri linaweza kusemwa pasipo kuvunja heshima ya mwenye nalo.

Homoni ni nini, na ni nani wanaozitumia

Homoni, ambazo baadhi ya vitabu huziita vichocheo, ni kemikali zinazotengenezwa na tezi za mwili na kusafirishwa na damu ili kupeleka amri kutoka kiungo kimoja hadi kingine. Kwa kuwa damu hufika kila mahali, homoni iliyomezwa kwa ajili ya kiungo kimoja hugusa pia viungo vingine ambavyo hakuna aliyevikusudia. Hapo ndipo chimbuko la suala zima lilipo: dawa iliyotolewa na daktari wa uzazi humhusu daktari wa moyo, daktari wa macho na mtaalamu wa usingizi, hata kama hawajawahi kukutana.

Watumiaji wa dawa hizi ni wengi kuliko inavyodhaniwa. Wamo wanawake wanaopanga uzazi kwa vidonge, sindano au vijiti. Wamo walio katika ukomo wa hedhi. Wamo waliofanyiwa matibabu ya saratani ya matiti na sasa wanameza tamoksifeni kwa miaka mitano hadi kumi, na wanaume wenye saratani ya tezi dume wanaochomwa sindano ya goserelini kila baada ya siku 28 au wiki 12 ili kuzima homoni ya kiume. Wamo wenye upungufu wa homoni ya tezi ya shingo wanaotumia levothairoksini maisha yao yote, wenye kisukari wanaojidunga insulini, na wenye pumu, magonjwa ya viungo au ya ngozi wanaotumia prednisoloni. Wamo pia wasioandikiwa na yeyote: vijana wanaojidunga testosteroni katika kumbi za mazoezi, watu wanaotumia homoni ili miili yao ilingane na jinsia wanayojitambua nayo, na wale wanaopaka krimu za kung'arisha ngozi pasipo kujua kwamba ndani yake mna steroidi kali.

Kwa nini watu hunyamaza

Sababu ya kwanza ni ile ya mama wa Kibosho: mtu haioni kuwa ni dawa. Kijiti kilichowekwa chini ya ngozi ya mkono miaka miwili iliyopita hakimezwi wala hakinunuliwi, kwa hiyo husahaulika. Sindano ya miezi mitatu huhesabiwa kuwa ni huduma ya kliniki. Krimu huitwa mafuta.

Sababu ya pili ni aibu na hofu. Mwanamke anayepanga uzazi bila mumewe kujua anahofia kwamba neno likiandikwa kwenye daftari litasomwa nyumbani. Mwanamume aliyeondolewa korodani au anayechomwa sindano za kuzima homoni anahofia kuonekana si mwanamume kamili, na huenda hata mwanawe anayemsindikiza hajui. Anayetumia homoni kwa sababu zinazopingwa na jamii anahofia zaidi: kuhukumiwa, kukataliwa huduma, au jina lake kufika mahali asipopenda.

Sababu ya tatu ni ya mfumo wenyewe. Mkazi wa miteremko ya Kilimanjaro hupita mikononi mwa watu wengi. Huanzia zahanati ya kijiji au duka la dawa muhimu, huenda hospitali za Machame, Kibosho, Kilema, Marangu au Huruma kule Rombo, hushuka Mawenzi iliyo hospitali ya mkoa, na ikibidi hupewa rufaa kwenda KCMC, hospitali ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971. Kila mahali pana faili lake. Wanaorudi kutoka Dar es Salaam, Arusha au ng'ambo huja na dawa ambazo hazimo katika faili lolote la Moshi. Mgonjwa hudhani kwamba madaktari wameshaambiana, na madaktari hudhani kwamba mgonjwa angesema. Kati ya dhana hizo mbili, taarifa hupotea.

Damu inayoganda mahali isipopaswa

Estrojeni inayomezwa hupita kwenye ini na kulichochea kutengeneza zaidi protini zinazogandisha damu. Miongoni mwa wanawake 10,000 wa umri wa kuzaa wasiotumia vidonge vya majira na wasio wajawazito, takribani wawili hupata bonge la damu kwenye mishipa ya vena kwa mwaka. Miongoni mwa wanaotumia vidonge vyenye homoni mbili, idadi hiyo hupanda na kuwa kati ya watano na kumi na wawili, kulingana na aina ya kidonge. Hatari hiyo bado ni ndogo, na ni ndogo kuliko ile ya ujauzito wenyewe. Kwa hiyo hakuna sababu ya kuviogopa vidonge hivyo. Ipo sababu ya kuvitaja.

Hatari huongezeka mambo yanapojumlishwa: safari ndefu ya kukaa, umri, unene, uvutaji wa sigara, upasuaji, au mguu uliofungwa plasta ngumu baada ya kuvunjika. Tamoksifeni nayo huongeza hatari ya bonge la damu. Estrojeni ya kubandika kwenye ngozi haikuonyesha hatari hiyo kwa kiwango sawa na ile ya kumeza, na njia za uzazi wa mpango zisizo na homoni, kama kitanzi cha shaba, hazina hatari hiyo kabisa. Ndiyo maana haitoshi kusema "ninatumia uzazi wa mpango". Jina la dawa ndilo linalobadilisha uamuzi. Daktari anayejua kwamba mguu uliovimba ni wa mtu anayemeza estrojeni ataagiza kipimo cha mishipa kwa mawimbi ya sauti kabla ya kuridhika kwamba tatizo ni maambukizi.

Kwa upasuaji mkubwa uliopangwa, ambao baada yake mgonjwa atalala kitandani kwa muda, kawaida ni kusitisha vidonge vyenye estrojeni takribani wiki nne kabla na kutumia njia nyingine katika kipindi hicho. Ikiwa upasuaji ni wa dharura, timu itaongeza dawa na hatua za kuzuia damu kuganda. Yote mawili hayawezekani kama hakuna aliyeambiwa.

Steroidi na tezi zilizolala

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayotengeneza kotisoli, homoni inayousaidia mwili kustahimili homa kali, ajali na upasuaji. Mtu anapotumia prednisoloni kwa zaidi ya wiki tatu au nne, tezi hizo huona kwamba kazi yao inafanywa na mwingine, nazo hulala. Dawa ikikatishwa ghafla, au mwili ukipatwa na msukosuko mkubwa unaohitaji kotisoli zaidi, tezi haziamki kwa wakati. Shinikizo la damu huanguka, sukari hushuka, mgonjwa hutapika, huchanganyikiwa na anaweza kufa. Tiba yake inajulikana na hupatikana katika hospitali nyingi: haidrokotisoni, miligramu 100 kwa sindano kwa mtu mzima, pamoja na maji ya mshipa. Lakini hutolewa na mtu anayejua kwamba anahitaji kuitoa.

Hatari hii inazihusu pia krimu. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa Moshi mwaka 1992 kimewafundisha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika, na mojawapo ya mambo wanayokutana nayo wataalamu wa ngozi ni madhara ya krimu kali zilizopakwa mwili mzima kwa miaka. Steroidi ya krimu hupenya ngozi na kuingia katika damu. Ikipakwa kwa wingi, huweza kuzilaza tezi kama vidonge vinavyofanya. Mwanamke anayeingia chumba cha upasuaji kujifungua akiwa ametumia krimu hizo kwa muda mrefu anapaswa kumwambia mtaalamu wa usingizi, hata kama anaona aibu kutaja kung'arisha ngozi.

Steroidi pia hupandisha sukari, hupandisha shinikizo la jicho, huleta mtoto wa jicho mapema, na hudhoofisha kinga. Katika nchi yenye kifua kikuu na minyoo ya strongiloidi, jambo hilo si dogo: maambukizi yaliyokuwa yamelala yanaweza kulipuka. Hata mlimani suala hili lipo. Deksamethasoni, iliyo miongoni mwa steroidi zenye nguvu, hutumika kutibu ugonjwa wa kimo kwa wanaopanda kilele cha Uhuru chenye mita 5,895. Mpandaji aliyeteremshwa akiwa mahututi anapaswa kufika hospitali pamoja na taarifa ya dozi alizopewa njiani, na jukumu la kuzisema ni la kiongozi wa msafara ikiwa mgonjwa hawezi kuongea.

Dawa zinazogombana

Ini lina vimeng'enya vinavyovunjavunja dawa. Baadhi ya dawa huviongezea kasi vimeng'enya hivyo, na homoni huvunjwa kabla hazijamaliza kazi yake. Kinara wa kundi hilo ni rifampisini, nguzo ya tiba ya kifua kikuu. Siha, upande wa magharibi wa mlima, ndiko iliko hospitali ya Kibong'oto, iliyoanza mwaka 1926 kama mahali pa kuwatunza wagonjwa wa kifua kikuu na sasa ni hospitali maalumu ya taifa ya magonjwa ambukizi. Mwanamke anayeanza dawa za kifua kikuu akiwa na kijiti mkononi au akimeza vidonge vya majira anaweza kushika mimba wakati anaamini amekingwa, na mimba hiyo ikaja katikati ya ugonjwa. Sindano ya miezi mitatu haipungukiwi nguvu kwa kiasi hicho, na kitanzi cha shaba hakiguswi kabisa. Nguvu ya rifampisini juu ya ini huendelea kwa takribani wiki nne baada ya dozi ya mwisho, na tahadhari nayo huendelea kwa muda huo. Rifampisini hiyohiyo hupunguza prednisoloni na levothairoksini mwilini, kwa hiyo mwenye kuzitumia huhitaji dozi kupitiwa upya.

Dawa za kifafa za kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni hufanya vivyo hivyo. Katika dawa za VVU, efavirenzi hupunguza nguvu ya vijiti. Dolutegravir, ambayo Tanzania ilianza kuitumia kama dawa ya mstari wa kwanza mwaka 2019, haina tatizo hilo. Mara nyingine mgongano huenda upande wa pili: estrojeni hupunguza lamotrijini katika damu, na mtu aliyekuwa ametulia akaanza tena kuanguka kifafa.

Kuna mgongano mwingine usioonekana kwa urahisi. Mjamzito mwenye upungufu wa homoni ya tezi ya shingo hufika kliniki ya mama na mtoto na kupewa vidonge vya madini ya chuma, kama inavyostahili. Akivimeza pamoja na levothairoksini asubuhi, chuma huikamata homoni hiyo tumboni na kuizuia kuingia mwilini. Wakati huohuo ujauzito wenyewe hutaka dozi iongezwe tangu wiki za mwanzo, kwa ajili ya ubongo wa mtoto. Suluhisho ni rahisi mno, nalo ni kutenganisha dawa hizo kwa saa nne na kupima damu mapema. Muuguzi atalitoa kwa dakika moja, akiambiwa.

Tamoksifeni huongeza nguvu ya wafarini hadi kufikia hatari ya kutokwa damu, na dawa za sonona za fluoksetini na paroksetini huizuia tamoksifeni isigeuzwe kuwa dawa kamili. Spironolaktoni, ambayo baadhi ya watu huitumia kuzuia homoni za kiume, hupandisha potasiamu. Ikiongezwa juu ya enalaprili au losatani za shinikizo la damu, moyo unaweza kupoteza mwendo wake.

Vipimo vinavyopotosha

Daktari huamini majibu ya maabara kwa kuyalinganisha na hali ya kawaida. Homoni hubadilisha hali ya kawaida yenyewe. Mwanamume anayemeza finasteridi kwa ajili ya kukua kwa tezi dume, au kwa ajili ya upara, baada ya takribani nusu mwaka kipimo chake cha PSA hushuka hadi karibu nusu. Akiwa na majibu ya 3, daktari asiyejua atamwambia yuko salama. Anayejua atazidisha mara mbili na kuendelea na uchunguzi. Katika mkoa ambao wanaume wengi hufika wakiwa wamechelewa, nusu hiyo inaweza kuwa tofauti kati ya saratani inayotibika na ile iliyokwisha kufika kwenye mifupa.

Estrojeni ya kumeza hupandisha protini inayobeba homoni ya tezi ya shingo, na kipimo cha jumla ya homoni hiyo huonekana kikubwa ilhali tezi haina tatizo. Testosteroni huongeza wingi wa chembe nyekundu na kufanya damu iwe nzito. Aidha hukandamiza utengenezaji wa mbegu za kiume, na kijana aliyekuja kliniki ya ugumba na mkewe anaweza kupitishwa katika vipimo vya gharama kubwa wakati jibu limo katika sindano alizojidunga. Zikisitishwa, mbegu mara nyingi hurejea, lakini huchukua miezi mingi.

Dalili nazo hupotosha. Jasho la usiku ni mojawapo ya maswali ya kuchunguza kifua kikuu. Ni pia dalili ya kawaida ya ukomo wa hedhi, ya tamoksifeni na ya sindano za tezi dume. Mzee asiyetaja sindano zake anaweza kutibiwa malaria asiyonayo mara tatu kwa mwaka. Kinyume chake nacho ni kweli: jasho lisihesabiwe haraka kuwa la homoni ikiwa kuna kikohozi na kupungua uzito. Na mwanamke anayetumia tamoksifeni aliyekwisha kukoma hedhi, akitokwa damu ukeni hata matone, asinyamaze wala asiambiwe kwamba ni hedhi imerudi. Anapaswa kuchunguzwa mji wa mimba.

Dawa na sababu ni vitu viwili

Baada ya hayo yote mtu anaweza kuhitimisha kwamba kila mgonjwa amwambie kila daktari kila kitu. Hitimisho hilo si sahihi, na wagonjwa wanajua si sahihi; ndiyo maana ushauri wa namna hiyo haufuatwi. Siri ina thamani yake, na wapo watu ambao neno moja likivuja huwagharimu ndoa, kazi au usalama.

Kinachosaidia ni kutenganisha mambo mawili ambayo wengi huyachanganya: dawa na sababu yake. Anayehitaji kujua kwamba mgonjwa anameza estrojeni, dozi gani na tangu lini, mara nyingi hahitaji kujua kwa nini anaimeza. Mtaalamu wa usingizi anayeambiwa "ninatumia prednisoloni miligramu 10 kila siku kwa mwaka mmoja" ana taarifa ya kumlinda mgonjwa, hata kama ugonjwa wenyewe haukutajwa. Mgonjwa ana haki ya kusema, "Dawa ni hii, sababu yake ningependa ibaki kati yangu na daktari aliyeniandikia." Mara chache sababu nayo huhitajika, kwa mfano pale ambapo kiungo kilichopo mwilini kinahitaji kuchunguzwa: mwenye shingo ya kizazi anahitaji uchunguzi wa saratani yake hata kama anatumia testosteroni, na mwenye tezi dume vivyo hivyo hata kama anatumia estrojeni.

Katika kuamua, maswali matatu yanatosha. Je, mtoa huduma huyu anakaribia kumpa dawa mpya, kumfanyia upasuaji, au kumtia ganzi au usingizi? Je, anakaribia kutafsiri kipimo cha damu, picha au dalili ambayo haijaeleweka? Je, ni dharura: mguu umevimba, kifua kinauma, kichwa kinapasuka kwa maumivu, upande mmoja umelegea, au mgonjwa amezimia? Jibu likiwa ndiyo kwa swali lolote, dawa itajwe. Likiwa hapana kwa yote, kama kwa anayempima miwani ya kusomea au kumfunga kidonda kidogo, uamuzi ni wa mgonjwa. Hata hapo kuna mipaka: anayetumia steroidi kwa muda mrefu afanye vyema kumweleza daktari wa macho, na aliye katika tiba ya homoni ya saratani amweleze daktari wa meno kabla ya kung'olewa jino, hasa kama anapewa pia dawa za kuimarisha mifupa.

Jambo moja lisifanywe kamwe: kuacha dawa kimyakimya siku chache kabla ya kuonana na daktari ili jibu la "situmii" liwe kweli. Kwa steroidi, insulini na levothairoksini, kufanya hivyo kunaweza kuwa na hatari kuliko siri yenyewe.

Wajibu wa anayeuliza

Mzigo huu si wa mgonjwa peke yake. Swali "unatumia dawa yoyote?" huleta jibu la "hapana" kwa sababu zilizokwisha kuelezwa. Swali bora hutaja vitu kwa majina yake: "Kuna kidonge, sindano, kijiti, kitanzi, kibandiko au krimu yoyote unayotumia, hata kama si kwa ugonjwa? Kuna ulichonunua dukani au ulichotumiwa na ndugu?" Huulizwa kwa kila mtu, mzee na kijana, mwanamke na mwanamume, ili asiwepo anayehisi ameshukiwa.

Swali hilo huulizwa faraghani. Katika desturi za huku, mgonjwa huja na jamaa, na jamaa ni msaada mkubwa: hubeba, hulipa, hupika. Lakini muuguzi anaweza kusema kwa heshima, "Bibi, naomba utusubiri kidogo hapo nje, nampima mama," na dakika tatu hizo zikaokoa maisha. Pale ambapo chumba ni kimoja na pazia ni jembamba, sauti ya chini au karatasi ya kuandikia inatosha.

Kinachosemwa faraghani kibaki faraghani. Mbali na kiapo cha taaluma, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Katika kata ambamo mhudumu wa mapokezi ni binamu wa mgonjwa, sheria hiyo si jambo la ofisi za mjini tu. Mtoa huduma amwulize mgonjwa nini kiandikwe kwenye daftari analokwenda nalo nyumbani na nini kibaki kwenye faili la kituo. Na ikiwa anachokisikia hakikubaliani na imani yake, uso wake usiseme kabla ya mdomo. Mgonjwa aliyekunjiwa uso mara moja hatasema tena, kwake wala kwa mwingine.

Karatasi ndogo mfukoni

Njia nyepesi kuliko zote ni karatasi. Iandikwe jina la dawa kama lilivyo kwenye pakiti, dozi, tarehe ya kuanza, tarehe ya sindano ya mwisho au ya kuwekewa kijiti, na simu ya kituo kilichoitoa. Sababu si lazima iandikwe. Ikunjwe pamoja na kitambulisho au ihifadhiwe kama picha kwenye simu. Anayetumia steroidi kwa muda mrefu aongeze mstari mmoja: "Dawa hii isikatishwe ghafla." Asiyejua kusoma aende na pakiti tupu, kwa daktari, pakiti hiyo inasema vya kutosha. Na anayeogopa kutamka anaweza kuinyoosha tu karatasi mezani.

Mama wa Kibosho angeweza kufanya hivyo. Pakiti ilikuwa ndani ya mkoba, hatua moja kutoka kitandani. Kilichohitajika ni mtu wa kumwomba mama mkwe asubiri nje, kisha kuuliza tena, taratibu, kwa maneno mengine.